Kuku wa Bi Mize

Hapo zamani, enzi za watu waliopimiwa mchele kwa kibaba na maneno kwa haya, palikuwa na mji ukiitwa Kidundani, mji wa ukuta mnene na lango moja. Ndani yake alikaa Vuai bin Pandu, mtunza kisa wa mji, mtu mwembamba wa kanzu moja, ambaye siku ya kuifua kanzu hiyo ilimlazimu ashinde ndani. Ujira wake ulikuwa kibaba cha mchele kila Ijumaa kutoka ghala la Sultani. Kibaba kilipofika nyumbani, mkewe, Bi Mafunda, alikitazama kwanza, akamtazama mumewe, kisha akasema, "Karibu, mgeni." Alikuwa akiukaribisha mchele.

Sasa sina budi niwaambieni kisa alichokuwa akikitunza, maana bila hicho hamtajua yaliyompata Sultani. Zamani za mababu adui waliuzingira mji wa Kidundani miezi mitatu, visima vikakauka, watoto wakalia kwa kiu. Akatokea mwanamke mchota maji, jina lake Bi Mize, akatoka langoni na mtungi wake kwenda kwenye chemchemi iliyokuwa mbele ya mahema ya adui. Siku sita walimwacha, wakimcheka. Siku ya saba wakamwambia, "Kesho uje na komeo la lango, utaishi. Ukija na mtungi mtupu, hurudi." Bi Mize akarudi, akawagawia watoto maji, akawaeleza wakubwa aliyoambiwa. Siku ya nane akatoka tena na mtungi mtupu, pasipo komeo, kwa kuwa watoto walikuwa na kiu tena. Bawabu akamfungulia lango, na alipokwisha kupita akalifunga nyuma yake, kama alivyoagizwa na yeye mwenyewe Bi Mize. Hakurudi. Kesho yake watu waliukuta mtungi mbele ya lango, umejaa maji, na mahema ya adui hayako. Wapo wasemao kwamba adui waliona haya.

Basi kwa kisa hicho mji ulijitawala. Aliyetajwa ndani yake, uzao wake haukuguswa kwa kisu wala kwa pingu, na mara moja kwa mwaka, Siku ya Kisa, uzao huo uliketi juu ya mkeka wa mbele na kula kabla ya watu wote. Sultani naye alikuwa Sultani kwa sababu hiyo hiyo, kwani alikuwa wa uzao wa bawabu. Vuai, kwa upande wa mama, alikuwa wa uzao wa Bi Mize. Na kulikuwa na jambo jingine lisilosemwa. Watu wa Kidundani ni wagumu, na kwao kulia mbele za watu ni aibu. Bali Siku ya Kisa, msimulizi alipofika pale lango lilipofungwa, wanawake walilia, kila mmoja akimlilia wa kwake aliyemzika, na hapana aliyeulizwa. Ilikuwa ndiyo ruhusa yao ya mwaka mzima. Mama yake Vuai alimwachia kisa hicho akiwa kitandani pa mauti, akamwambia, "Mwanangu, usikiharibu." Hakumwachia kitu kingine, kwa kuwa hakuwa nacho.

Ikawa zamani hizo anatawala Sultani Haidari, mtu kijana, mnene, mwema wa moyo, apendaye nyama kuliko siasa na usingizi kuliko nyama. Kila Siku ya Kisa alisinzia kabla Bi Mize hajachukua mtungi, akaamka harufu ya pilau ilipopita. Mwaka mmoja akasafiri nchi ya mbali, na huko akaonyeshwa ajabu. Watu walikata vinyago vya ngozi, wakavifunga viungo kwa uzi, wakavichezesha kwa vijiti nyuma ya shuka nyeupe penye taa, ikawa vivuli vinatembea, vinaruka, vinapunga mikono. Kisa kilichochezwa kilikuwa cha kale cha mji ule, cha mfalme aliyempoteza mwanawe wa pekee. Lakini mafundi walikiongezea kima mwenye kilemba, aliyemfuata mfalme kila mahali akisema upuuzi. Na mfalme alipokuwa akimzika mwanawe, kima akatumbukia katika chungu cha uji. Sultani Haidari alicheka hata akateremka kitini.

Akarudi na fundi mmoja wa vinyago, aitwaye Zahoro, na sanduku la ngozi. Haukupita mwezi, mpiga mbiu akapita mjini akitangaza, "Sikilizeni amri ya Sultani. Kila kisa cha kale katika mji huu kitiwe mnyama wa kuchekesha. Awe rafiki wa mwenye kisa, aseme kama watu, aanguke si chini ya mara tatu, na asife. Mwenye kusikia amwambie asiyesikia."

Watu wakatii, maana amri ya Sultani si ombi. Kisa cha yatima aliyelala penye kaburi la mamaye kikatiwa kenge mwenye majivuno. Kisa cha ndugu wawili waliouana kwa shamba kikatiwa kobe apendaye kucheza ngoma. Hata bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akiwalaza wajukuu kwa kisa cha maneno manane, alilazimika kukitia panya, kikawa kirefu hata watoto wasilale tena. Kisha Waziri Subeti, mtu mwenye ndevu za kuchongwa na roho ya kijikaratasi, akamkumbusha Sultani kwamba kisa kikubwa kuliko vyote bado hakina mnyama. Vuai akaitwa.

"Mola akuweke, Bwana wangu," akasema Vuai, akaketi chini.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "kisa chako nimekisikia tangu utotoni."

"Umekuwapo kikisimuliwa, Bwana wangu," akasema Vuai.

Sultani hakulitambua lile. "Ni kizuri, lakini kina uzito. Mwanamke, mtungi, kiu, lango. Watoto hawana cha kushika. Nataka Bi Mize awe na mnyama."

"Bwana wangu, alikwenda peke yake. Hicho ndicho kisa chenyewe. Ukimpa mwenzake njiani, hakwenda peke yake tena."

"Atakuwa peke yake na mnyama," akasema Sultani kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulitatua.

Waziri akajikohoza. "Na kama mtunza kisa haoni njia, Bwana wangu, Fundi Zahoro yuko tayari. Yeye amekwisha kuchora. Kwake Bi Mize ana kasuku, na mwisho Bi Mize anarudi na kuolewa na mkuu wa maadui."

Vuai akaona amebanwa pande mbili. Kukataa ni kuona kisa cha mama yake kinatiwa mikononi mwa Zahoro, na kikishasimuliwa hivyo mbele ya mji mara moja, ndicho kitakachokuwa kisa, kwa kuwa Kidundani hapakuwa na kitabu cha kukisahihisha. Kukubali ni kukiharibu kwa ulimi wake mwenyewe. Alichukia vyote viwili, na alimchukia Waziri zaidi. Akainama, akasema, "Nipe siku tatu nimtafute mnyama, Bwana wangu."

Alifika nyumbani, akaketi kizingitini. Bi Mafunda alikuwa akichambua mchicha. Alimwacha anyamaze kiasi, maana alimjua, kisha akasema, "Sema, au umekuja kunihesabia majani?"

Akamweleza yote. Bi Mafunda akasikiliza hadi mwisho, na lile la kuolewa na mkuu wa maadui lilipotajwa alilitupa jani zima pamoja na mzizi.

"Bi Mize wetu," akasema. "Nami mwaka huu ndio niliokuwa nikiusubiri kumlilia mama yangu." Akachukua jani jingine. "Huyo Sultani amesema mnyama gani?"

"Hakusema. Wa kuchekesha tu. Wakuu wana kima, wana kasuku, wana kindi."

"Wanyama wasioliwa," akasema Bi Mafunda. "Mwenye kushiba huchekea asichokula. Mimi mnyama wa kunichekesha ni kuku, nikimwona ndani ya chungu changu, kwa kuwa nitajua nimeingia nyumba ya mwingine."

Vuai akageuka, akamtazama mkewe muda mrefu. "Mafunda, Siku ya Kisa Sultani huchinja nini?"

"Yaani hukai mkekani wewe? Ng'ombe, mbuzi, kondoo, bata, kuku, na samaki wa kupaka kwa ajili ya Waziri mwenye meno mabovu."

"Na kisu hunolewa kabla ya kisa au baada?"

"Baada. Ndiyo ada, tangu..." Bi Mafunda akaacha kusema. Akauweka ungo chini. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka hata jirani akabisha hodi kuuliza wamepata nini, nao wakamwambia hawajapata kitu, na jirani akaenda zake akiwa na hakika kwamba wamepata.

Siku ya tatu Vuai akarudi kwa Sultani. Ukumbi ukafungwa milango na madirisha mchana kweupe, taa ikawashwa nyuma ya shuka, Fundi Zahoro akashika vijiti na Vuai akashika maneno. Akatokea Bi Mize na mtungi, na nyuma yake, akikimbia na kujikwaa, akatokea kuku.

"Ngoja, bibi," akasema kuku kwa sauti ya Vuai, nyembamba na yenye kuudhika. "Kwetu hatwendi vitani bila kutaga. Nani atayatazama mayai?"

Sultani akatoa kicheko cha kwanza. Kuku akaanguka ndani ya mtungi. Akatoka, akamkaripia mkuu wa maadui kwa kulala na viatu. Akaanguka tena. Sultani akajishika mbavu, akapiga goti kwa kiganja, akasema, "Huyu, huyu. Waziri, andika kuku."

Waziri akaandika, akatia muhuri.

"Bwana wangu ameridhika?" akauliza Vuai. "Au ni mmoja tu?"

Hapo ndipo Sultani alipojichimbia shimo kwa jembe lake, maana mwenye tamaa ya kucheka ni kama mwenye tamaa ya halua, hajui pa kuachia. Akasema, "Unaye mwingine?"

Kesho yake Vuai akaja na mbuzi. Adui walipotuma barua ya kuutaka mji usalimu amri, mbuzi akaila. "Ilisema nini?" akauliza bawabu katika kisa. Na mbuzi akajibu, "Ilikuwa na chumvi kidogo." Sultani akalia machozi ya kicheko, akataka mwingine. Akaletwa fahali, aliyejificha nyuma ya mtungi na kuuliza kama anaonekana. Akaletwa kondoo, aliyekubaliana na kila mtu, adui na rafiki. Akaletwa bata, aliyetembea mbele ya jeshi akidhani ni lake. Siku ya mwisho akaletwa samaki, aliyekuwa ndani ya maji ya Bi Mize na kulalamika njia nzima kwamba mtungi unatikisika. Waziri akawaandika wote, mmoja mmoja, akatia mihuri sita.

"Na mwisho?" akauliza Sultani, akifuta macho. "Kumbuka nilivyosema, hawafi."

"Hawafi, Bwana wangu. Mwisho ni huu: 'Nao wote sita wakaishi, wakazaa na kuzaana, na uzao wao ukaenea nchi kavu na majini, na ndio mnaouona mpaka leo.'"

"Umeona?" Sultani akamwambia Waziri. "Ndivyo kisa kinavyotakiwa kiishe."

Basi Siku ya Kisa ikafika. Mji mzima ukajaa ukumbini na barazani, wazee mbele, watoto mabegani, wanawake upande wao na kanga zao nzito za siku hiyo. Zahoro akashika vijiti, Vuai akaanza. Kuku alipotokea, watoto wakashangilia, na hata wazee wakacheka, kwa kuwa kusema kweli alichekesha. Vuai hakuwa mtu wa kufanya kazi mbovu hata akiichukia. Mbuzi akala barua. Fahali akajificha. Sultani alikuwa macho, kwa mara ya kwanza tangu atawazwe, akiwanong'oneza walio karibu, "Sasa ataanguka, tazama, sasa."

Ikafika siku ya nane. Bi Mize akapita, bawabu akafunga lango, na mkia wa kuku ukabanwa. Kuku akapiga makelele. Watoto wakacheka sana.

Upande wa wanawake kulikuwa kimya. Wengine walikwisha kushika pembe za kanga wakiwa tayari, nao wakazishika hivyo hivyo, hawana la kufanya nazo. Alikuwapo bibi mmoja, Bi Kazija, aliyezika watoto watatu. Huyo aligeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyefika kwake akakuta nyumba imevunjwa. Vuai alimwona. Alitamani ardhi impasukie, na kwa kitambo hila yake yote ikawa si kitu machoni pake. Akaendelea tu, akafika mwisho, wakaishi wote sita, wakazaana, na watu wakapiga makofi.

Milango ikafunguliwa. Mpishi mkuu, Songoro, mtu wa mapaja kama vinu, akatoka uani na kisu kilichonolewa muda ule ule. Fahali saba walikuwa wamefungwa, na mbuzi, na kondoo, na matenga ya kuku, na samaki kwenye majamvi ya majani. Akamlaza fahali wa kwanza, akasema bismillahi, na mkono wake ukadakwa.

"Bwana Songoro," akasema Vuai, "unamjua huyu ni nani?"

"Ni fahali."

"Ni uzao wa fahali aliyefuatana na Bi Mize. Hukuwapo ndani? Mji mzima umesikia. Aliyetajwa katika kisa, uzao wake hauguswi kwa kisu."

Songoro akamtazama fahali, akamtazama Vuai, akasimama na kisu hewani. Sultani akatoka akiuliza sababu ya pilau kuchelewa. Akaelezwa, akacheka. Kisha akaona kwamba hapana mwingine achekaye, na wazee wa mji wanatikisa vichwa taratibu, kama watu wapimao jambo.

"Lakini huyu si fahali yule," akasema Sultani.

"Si yeye, Bwana wangu. Ni mjukuu. Kisa kimesema wamezaana na kuenea, na ndio tunaowaona. Kama yuko mtu hapa anayemjua babu wa fahali huyu, na anaweza kuapa kwamba hatoki katika uzao ule, na aje mbele aape."

Hakuja mtu. Nani anamjua babu wa ng'ombe? Wakauliza juu ya mbuzi, wakauliza juu ya kuku, na ikawa vivyo hivyo. Waziri akapendekeza samaki, kwa kuwa samaki ana ukoo mkubwa, haielekei wote ni ndugu. Wazee wakasema ukoo mkubwa ndio sababu. Akauliza habari ya mayai. Vuai akasema, "Hao ni watoto, Bwana Waziri."

"Na maziwa?" akauliza Sultani kwa sauti ndogo.

"Maziwa hutoa mwenyewe kwa ridhaa yake, Bwana wangu. Ila aombwe kwa adabu."

Na bado. Vuai akaenda kwenye tenga, akatoa majogoo wawili na mitetea sita, akawatia ukumbini, akawaweka juu ya mkeka wa mbele, kwa kuwa ndiyo ada. Bata wakafuata wenyewe. Mbuzi akaketi mahali pa Waziri, akala pembe ya mkeka. Kila aliyetaka kuwafukuza alikumbushwa kwamba uzao uliotajwa hula kabla ya watu wote. Wakaletewa wali, wakala, wakauchakura. Halafu watu wakala uliobaki, kwa mchicha na bamia. Nao wale maskini hawakusema sana, wamezoea. Ila walimtazama Sultani wao akimimina bamia juu ya wali kama mtu apakaye dawa, na jambo hilo lilikuwa na ladha yake.

Siku ya pili ikawa muhogo. Siku ya tatu maharage. Siku ya nne Sultani aliota kwamba amekula mguu wa mbuzi, akaamka akalia. Siku ya tano jogoo mmoja akaingia barazani pake, akapanda kitini, na askari hawakuthubutu kumgusa.

"Futa ada," akasema Sultani kwa hasira. "Waziri, andika. Tangu leo, kutajwa katika kisa si kitu."

Waziri akachukua kalamu, akaiweka chini tena. Akatazama kiti ambacho jogoo alikuwa amekikalia. "Bwana wangu," akasema, "kutajwa katika kisa kusipokuwa kitu, basi wewe ni mjukuu wa bawabu, na kazi ya bawabu iko wazi langoni tangu mwezi wa Mfunguo Mosi."

Sultani akamtazama jogoo pale kitini. Kisha, kwa kuwa nilikwisha kuwaambieni kwamba ni mtu mwema wa moyo, akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa tumbo lote tupu. Akasema, "Niitieni Vuai."

Vuai alipoingia, Sultani akamwambia, "Umenipata, ewe mlaanifu. Niliomba kucheka, nimechekwa na kuku. Nifanyeje?"

"Kisa hufutwa kwa kisa, Bwana wangu. Kisimuliwe upya mbele ya mji, kama kilivyokuwa, bila mnyama na bila kivuli. Kitakachosikiwa mwisho ndicho kitakachokuwa kisa. Lakini mwenye kiti sharti akishuhudie mwanzo mpaka mwisho, na aliyelala hashuhudii."

"Nina njaa," akasema Sultani. "Sitalala."

Watu wakaitwa tena kesho yake, milango ikaachwa wazi, jua likaingia. Shuka ya Zahoro ilikuwa imeondolewa. Vuai akasimama na kanzu yake, mikono mitupu, akamtoa Bi Mize peke yake. Watoto walitafuta kuku mwanzoni, kisha wakaacha kutafuta. Siku sita zikapita, adui wakacheka. Siku ya saba ikapita. Sultani alikuwa ameketi mbele, macho makavu, akisikia maneno aliyoyasinzia tangu utoto.

"Siku ya nane," akasema Vuai, "Bi Mize akasimama mbele ya lango, akamwambia bawabu, 'Nikishapita, funga, na hata ukinisikia nikiita usifungue.' Bawabu akafungua. Akapita. Bawabu akafunga, akatia komeo, akauegemeza mgongo wake langoni kutwa nzima, asije mtu akalifungua. Na wa kwanza aliyemwogopa ni nafsi yake mwenyewe. Naye akamsikia akiita, mara moja. Hakufungua."

Bi Kazija akaanza, kwa sauti ya chini. Kisha Bi Mafunda, aliyekuwa akimlilia mama yake, kisha wote. Hapana aliyewauliza.

Kisa kilipokwisha Sultani hakuondoka. Akasema polepole, "Huyo aliyeegemeza mgongo. Ndiye babu yangu?"

"Ndiye, Bwana wangu."

"Mbona hukuniambia kwamba alimsikia akiita?"

"Nilikuambia kila mwaka," akasema Vuai. "Ulikuwa umelala."

Uani Songoro alikuwa hakungoja kuambiwa mara mbili, na baada ya muda pilau ikaingia, ng'ombe na mbuzi, ya moto, harufu imejaa ukumbi mzima. Wakamtilia Sultani kipande alichokuwa akikitamani siku tano. Akakitia kinywani, akakitafuna, akakitafuna, kikakataa kushuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka mbele ya mji wote, naye hakuyafuta. Mwisho akaisukuma sahani kwa Bi Kazija, akasema, "Kula wewe, mama. Mimi bado."

Baadaye, sauti yake iliporudi, akamwambia Vuai atake atakacho. Vuai akainama, akaanza, "Bwana wangu, mtunza kisa hahitaji kitu cha dunia, yeye akisikilizwa imetosha..."

"Mwongo huyo, Bwana," ikasikika sauti ya Bi Mafunda kutoka upande wa wanawake, bado nzito kwa kilio. "Anahitaji mchele. Na kuku, kabla hujaghairi."

Sultani akacheka na macho yake yangali na maji, na mji mzima ukacheka pamoja naye. Akaamuru wapelekewe gunia la mchele kila mwezi na kuku kila Ijumaa, nao wakaletewa hivyo maisha yao yote.

Hekaya yangu imekwisha, niliyopewa nimewapa. Aliyeipenda na akaisimulie kama alivyoisikia, na asiyeipenda na aiache ilipo, lakini asiitie mnyama.